MABOMBA YA ZAMANI NYUMBANI: TUYABADILISHE AU TUSUBIRI?

Na Mganga Msaidizi wa Zahanati, Wilaya ya Tarime

 

Somo letu la leo linahusu mabomba ya maji yaliyomo ndani ya nyumba na uani. Huenda msomaji utauliza: mabomba yanamhusu nini mganga? Hiyo si kazi ya fundi? Ni kweli, kukata na kuunga bomba ni kazi ya fundi. Lakini maji yapitayo ndani ya bomba huingia matumboni mwa watu, na watu hao wakiugua huja zahanati. Kwa hiyo bomba ni jambo la afya kama vile choo na jiko.

Katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti zipo nyumba zilizowekewa mabomba ya chuma miaka mingi iliyopita. Zipo nyumba za walimu na watumishi, za wafanyabiashara wa Tarime mjini na Mugumu, na za wakulima waliovuta maji kutoka mradi wa kijiji. Sasa mabomba hayo yamezeeka. Katika nyumba nyingi yapo majadiliano. Mmoja anasema, "Tuuze mtamba tubadilishe mabomba yote." Mwingine anajibu, "Maji yanatoka, yaacheni." Fedha ni ile ile moja. Ikienda kwenye mabomba haitakwenda kwenye sare za watoto, mbegu wala bati. Na ikienda kwingine, huenda mtoto akaendelea kunywa uchafu.

Baada ya somo hili utaweza:
1. Kueleza jinsi bomba la chuma linavyozeeka.
2. Kueleza jinsi uchafu unavyoingia katika bomba linalovuja.
3. Kulipima bomba lako kwa vitu ulivyo navyo nyumbani.
4. Kuamua kama ubadilishe yote, ubadilishe sehemu, au usubiri.

TULIKOTOKA

Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1973 ilifuata kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo, wakafyeka majani na kuchemsha maji. Mwaka 1985 mikoa ya Mara, Mwanza na Kagera ilianza mradi wa Hesawa kwa msaada wa Sweden, uliounganisha maji, vyoo na elimu ya afya.

Lengo la mwaka 1991 halikutimia kwa wote. Lakini tulijifunza jambo moja kubwa: kufikisha maji kijijini peke yake hakutoshi. Maji yanaweza kuwa masafi kwenye chanzo na machafu kwenye kikombe. Safari hiyo kutoka chanzo hadi kikombe ndiyo yenye hatari, na kipande cha mwisho cha safari kiko mikononi mwako. Kwa kawaida mabomba mpaka kwenye dira ni ya mamlaka ya maji au ya jumuiya ya watumiaji maji. Kuanzia dira kwenda ndani ni mali yako. Hakuna mtumishi atakayekuja kuyabadilisha bila wewe kuamua.

BOMBA LA CHUMA HUZEEKAJE?

Bomba la chuma la maji hupakwa zinki. Zinki hiyo ni kama koti: hukizuia chuma kisishike kutu. Miaka inavyopita maji hulila koti hilo pole pole. Maji yenye asili ya ukali kama ndimu hulila upesi zaidi, na udongo wenye unyevu siku zote hulila kwa upande wa nje. Ndiyo sababu bomba moja huishi miaka 50, na jingine huchoka kabla ya miaka 20.

Koti likiisha, kutu huanza. Ndani ya bomba huota vinundu vya kutu, na njia ya maji hupungua mpaka bomba la nusu inchi hubaki na tundu jembamba kama penseli. Mahali panapooza kwanza ni kwenye maungio. Fundi alipokata nyuzi ili aunge soketi au kona, aliondoa zinki na kupunguza unene wa chuma. Kwa hiyo ukitaka kulikagua bomba, anza na maungio.

Je, kutu ni sumu? Hapana. Kutu kidogo inayotoka kwenye bomba la chuma huharibu ladha, hubadilisha rangi ya chai na kutia madoa kwenye nguo nyeupe, lakini haiui. Wala usiamini kwamba maji ya kutu huongeza damu. Mwenye upungufu wa damu apimwe na kutibiwa.

Ubaya wa kutu uko katika mambo matatu:
– Vinundu vyake hufanya maficho ya vijidudu, ambavyo hujishika humo visichukuliwe na maji.
– Kutu humaliza nguvu ya dawa ya klorini iliyotiwa kwenye maji, hivyo dawa hufika koki ya jikoni ikiwa dhaifu au imekwisha.
– Kutu hulitoboa bomba. Na tundu ndilo jambo kubwa la somo letu.

BOMBA LINALOTOA MAJI HUVUTA UCHAFU

Watu wengi husema, "Bomba likivuja, maji safi ndiyo yanayotoka nje. Uchafu utaingiaje?" Swali hili ni zuri. Tulijibu kwa jaribio ambalo kikundi chako kinaweza kulifanya.

Tafuta mpira mwembamba wa maji, urefu wa mita mbili au tatu. Utoboe tundu dogo katikati kwa sindano nene. Weka beseni la maji yenye tope juu ya kiti, na upitishe mpira ndani yake ili tundu lizame katika maji ya tope. Mwisho mmoja wa mpira uinue juu ya beseni. Mwisho wa pili ushuke mpaka chini sakafuni.

Kwanza ziba mwisho wa chini kwa kidole, kisha mimina maji safi kwa juu mpaka mpira ujae. Utaona maji safi yakitoka kwenye tundu na kuingia katika beseni. Sasa kunja mwisho wa juu uzibe kabisa, halafu fungua mwisho wa chini. Maji yatashuka, na tundu litaanza kuvuta. Maji ya tope yataingia kwenye mpira na kutokea chini. Tundu ni lile lile. Lilipokuwa na msukumo lilitoa, na msukumo ulipokwisha likavuta.

Ndivyo ilivyo katika miji na vijiji vyetu vyenye miinuko. Maji yanapofungwa, mabomba hayabaki yamejaa. Jirani aliye chini ya mlima hufungua koki, na maji yaliyobaki kwenye mabomba ya juu humshukia. Wakati huo kila tundu lililo njiani huvuta kilicho karibu nalo. Kama karibu yake pana udongo mkavu, huvuta hewa. Kama pana dimbwi la mbolea ya zizi au maji ya choo, huvuta hayo. Maji yakirudi, uchafu ule husukumwa mpaka jikoni.

Kwa hiyo bomba linalovuja mahali ambapo maji hayakatiki ni hasara ya fedha. Bomba linalovuja mahali ambapo maji hukatika mara kwa mara ni hatari ya ugonjwa. Magonjwa yenyewe tunayafahamu: kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi ya nchi, na watu zaidi ya 20,000 waliugua.

Katika kazi yangu nimempokea mama aliyemleta mtoto wa mwaka mmoja na nusu mara tatu katika miezi miwili, kila mara kwa kuhara. Nilipomwuliza kuhusu maji alijibu kwa uhakika, "Sisi hatuteki mtoni, tunatumia ya bomba." Kwa sababu hiyo hakuwa akiyachemsha. Bomba lao lilipita chini ya zizi la ng'ombe, na mahali hapo pamekuwa na tope hata wakati wa kiangazi. Neno "bomba" lilikuwa limewaondolea wasiwasi. Wapo wengi wa namna hiyo, na ndiyo maana naandika.

Ipo njia nyingine ya uchafu kuingia ambayo haihitaji hata tundu. Ni mpira wa koki uliozamishwa ndani ya birika la kunyweshea ng'ombe au pipa la kufulia. Maji yakikatika, bomba hunyonya maji ya birika kama mtoto anyonyavyo kwa mrija. Mpira usiguse kamwe maji ya birika. Uning'inie juu yake, nafasi ya shubiri moja.

PIMA MWENYEWE KABLA YA KUMWITA FUNDI

Fundi mzuri atakusaidia, lakini ukimwita bila kujua hali ya nyumba yako, ni rahisi kuambiwa badilisha yote. Fanya vipimo vitano vifuatavyo.

Kipimo cha kwanza: glasi ya asubuhi. Kabla mtu hajafungua koki, kinga maji ya kwanza katika glasi au chupa nyeupe. Acha koki wazi dakika mbili tatu, ukikinga kwenye ndoo ili usiyapoteze, kisha kinga glasi ya pili. Kama ya kwanza ni nyekundu na ya pili ni safi, kutu inatoka katika mabomba yako ambamo maji yamelala. Kama zote mbili ni nyekundu, na jirani naye anaona hivyo hivyo, kasoro iko nje ya nyumba yako. Katoe taarifa kwenye mamlaka au jumuiya ya maji. Kubadilisha mabomba yako hakutasaidia.

Kipimo cha pili: ndoo na saa. Jaza ndoo ya lita 20 kwenye koki iliyo karibu na dira, na uhesabu dakika. Kisha jaza ndoo hiyo hiyo kwenye koki ya jikoni, saa zile zile za siku. Tuseme karibu na dira ilijaa kwa dakika 2 na jikoni kwa dakika 8. Ujue kati ya hapo pana bomba lililozibwa na kutu. Kama dakika zinakaribiana na maji ni hafifu kote, msukumo ni mdogo kutoka nje.

Kipimo cha tatu: dira ya usiku. Usiku ambao maji yapo, funga koki zote, usijaze tangi, andika namba zilizo kwenye dira. Asubuhi zisome tena kabla ya kutumia maji. Kama zimesogea, maji yanapotea mahali fulani. Ukiona koki inadondosha, usiidharau. Tone moja kwa kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Tukikadiria matone manne kuwa mililita moja, tunapata lita 21 na zaidi. Hiyo ni ndoo nzima kila siku, nawe unailipia.

Kipimo cha nne: tembea njia ya bomba. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Mwombe mzee au fundi aliyelilaza bomba akuonyeshe linapopita. Tembea kutoka dira mpaka nyumba. Tazama panapoota majani mabichi wakati wa kiangazi, panapotota pasipo mvua, na panapozama mguu. Kisha tazama kilicho karibu: zizi, choo, shimo la taka, bafu la nje, mfereji wa maji machafu. Chora ramani ndogo katika daftari na utie alama ya X mahali penye hatari. Bomba lililo umbali wa chini ya mita 3 kutoka choo au mfereji mchafu litiliwe alama hata kama halivuji.

Kipimo cha tano: daftari la miezi mitatu. Andika siku ambazo maji yalikatika, siku yaliporudi yakiwa na tope au harufu, na siku ambazo mtu wa nyumbani aliharisha. Kama kuhara hufuata kurudi kwa maji, una sababu nzuri ya kulishuku bomba. Lakini tuwe waangalifu. Kuhara huletwa pia na mikono isiyonawiwa, nzi, vyombo vichafu na chakula kilicholala. Tusilishitaki bomba peke yake kabla ya kukagua choo na jiko. Daftari hilo mpelekee pia afisa afya wa kata, umwombe akuelekeze namna ya kupimiwa maji. Maji meupe kwa macho si lazima yawe salama, kwa kuwa vijidudu havionekani.

SASA TUAMUE

Umri wa bomba peke yake si ugonjwa. Yupo mzee wa miaka 75 anayekwenda shamba kila siku, na yupo kijana aliyelazwa. Bomba nalo lipimwe kwa hali yake. Nyumba zetu zitaangukia katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza: BADILISHA SASA. Bomba limeoza katika sehemu nyingi. Limezibwa mara kwa mara kwa raba na waya, ukiziba hapa linatoboka pale. Maji yakirudi huja na tope au harufu ya kinyesi ilhali kwa majirani ni safi. Hapa kuziba ni kupoteza fedha. Badilisha yote, na mpaka siku hiyo usinywe maji hayo bila kuyachemsha.

Fungu la pili: BADILISHA SEHEMU. Bomba kwa jumla ni zima, ila kipande kimoja kinavuja, kimezibwa na kutu, au kinapita zizini au karibu na choo. Nyumba nyingi ziko katika fungu hili. Kata kipande hicho tu, na bomba jipya ulipitishe njia nyingine iliyo safi.

Fungu la tatu: SUBIRI. Bomba ni la zamani lakini maungio ni makavu, dira haisogei usiku, ndoo inajaa vizuri, na kutu huonekana asubuhi tu kisha hukoma. Usiuze mtamba kwa sababu hiyo. Maji ya kwanza ya asubuhi yatumie kumwagilia mchicha, na rudia vipimo kila mwaka kabla ya masika.

Jambo moja zaidi kwa wakazi wa mijini. Mji wa Mugumu hutumia maji ya bwawa la Manchira, na mji wa Tarime umetegemea bwawa la Nyandurumo pamoja na visima. Mwezi Juni 2022 Serikali ilitia saini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo kutoka India, na Mugumu pamoja na Tarime na Rorya imo katika orodha. Popote maji mapya yenye msukumo mkubwa yanapoingia, bomba dhaifu lililovumilia msukumo mdogo huweza kupasuka, na kutu iliyotulia hung'oka. Ukisikia mtaa wenu unaunganishwa na bomba jipya, fanya vipimo vyako mapema. Usingoje nyumba ilowe.

TUPIGE HESABU

Tuseme bomba kutoka dira hadi nyumbani ni mita 42, na ndani ya nyumba ni mita 18. Jumla ni mita 60. Kipande kimoja cha bomba la chuma au la plastiki gumu huuzwa kwa urefu wa mita 6. Kwa hiyo kubadilisha yote kunahitaji vipande 10, pamoja na soketi, kona, koki na ujira wa fundi.

Sasa tuseme ramani yako imeonyesha kwamba hatari iko zizini tu, mita 12. Hivyo ni vipande 2. Hata ukizunguka zizi na kuongeza kipande cha tatu, bado umenunua 3 badala ya 10. Katika nyumba moja tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtamba anauzwa au anabaki kuzaa.

Upande wa pili wa daftari andika gharama za ugonjwa kwa mwaka: nauli, dawa, siku ambazo mama hakwenda shamba, siku ambazo mtoto hakwenda shule, na ankara ya maji yaliyopotea. Weka hesabu hizo mbili pamoja mbele ya baba, mama na watoto wakubwa. Anayeteka maji na kuuguza wagonjwa asiachwe nje ya kikao hicho, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mambo ambayo hayamo katika daftari.

VIPI KUHUSU RISASI?

Wasomaji waliosikia habari za ng'ambo huuliza juu ya sumu ya risasi katika mabomba. Risasi tunayosema hapa ni madini laini mazito yaliyotumiwa zamani kutengenezea mabomba huko Ulaya na Marekani. Mwaka 2014 mji wa Flint katika Marekani ulibadilisha chanzo cha maji. Maji mapya hayakutiwa dawa ya kuzuia ulaji wa mabomba, yakala risasi iliyomo, na watoto wakaipata miilini. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Nyumba zetu kwa kawaida ziliwekewa chuma chenye zinki, si mabomba ya risasi. Kwa hiyo hofu yetu ya kwanza ni vijidudu. Hata hivyo, ukiona bomba la kijivu lililo laini, linalokwaruzika kwa kisu na kung'aa kama fedha, wala sumaku haishiki, usinywe maji yake. Mwite fundi na umjulishe afisa afya. Vile vile ukikuta bomba la kijivu linalofanana na saruji, usilikate kwa msumeno wala kulivunja, kwani huenda lina asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu.

UKIBADILISHA, FANYA HIVI

1. Nunua bomba la maji ya kunywa lenye alama ya TBS. Bomba la maji machafu na bomba la kupitishia nyaya za umeme havifai, hata vikiwa rahisi.

2. Bomba la plastiki halishiki kutu, lakini jua huliharibu na kwato huliponda. Lifukie kina cha mpaka goti la mtu mzima, na usilipitishe zizini.

3. Bomba la zamani lisilotumika likatwe na kuzibwa karibu na bomba kubwa. Kipande kilichoachwa kikining'inia hukaa na maji yaliyolala, na maji yaliyolala huzaa vijidudu.

4. Fundi asizike maungio kabla hujayaona yakiwa na maji na msukumo wote. Ukiona unyevu, lirekebishwe siku hiyo hiyo.

5. Osha mabomba. Fungua koki zote mpaka udongo na mabaki vitoke. Kisha tia dawa. Kwa tangi la lita 1,000 lililojaa, tia lita moja na nusu ya dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5. Fungua kila koki mpaka usikie harufu ya dawa, uifunge, na uache usiku kucha. Watu na mifugo wasinywe maji hayo kabisa. Asubuhi yamwage yote na suuza mpaka harufu ikome.

6. Mabomba ya chuma yaliyotolewa yauzwe kama chuma chakavu au yawe nguzo za uzio. Yasiuzwe kwa mwenzako kwa kupitishia maji ya kunywa.

UKISUBIRI, FANYA HIVI

Kusubiri si kukaa kimya. Anayesubiri ana kazi zake. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu, yaachwe yaendelee kutokota kwa dakika moja hadi tatu, yapoe yakiwa yamefunikwa. Kama kuni ni shida, tumia dawa ya kutibu maji inayouzwa madukani, kwa kufuata maelekezo ya paketi. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Maji yanaporudi baada ya kukatika, usikinge ya kwanza kwa kunywa. Yahifadhi katika chombo chenye mfuniko, na yachotwe kwa kata yenye mpini, si kwa kikombe cha kila mtu.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS mara moja, mwendelee kumnyonyesha na kumlisha, kisha mlete zahanati apewe pia vidonge vya zinki. Ukiona macho yameingia ndani, damu katika choo, kutapika kila anywapo, au amelegea, usingoje kesho.

Ndugu msomaji, chukua daftari na saa wiki hii, utembee njia ya bomba lako. Kazi hiyo haikugharimu hata shilingi, na ndiyo itakayokuambia kama uuze mtamba au umwache zizini.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini bomba linalovuja ni hatari zaidi mahali ambapo maji hukatika mara kwa mara?
2. Glasi ya kwanza ya asubuhi ni nyekundu, ya pili ni safi. Kasoro iko wapi?
3. Bomba lote ni mita 54, na kipande kibovu ni mita 18. Unahitaji vipande vingapi vya mita 6 ukibadilisha yote? Na ukibadilisha sehemu mbovu tu?
4. Katika kijiji au mtaa wetu, ni mabomba gani yanapita zizini au karibu na choo? Nani atakwenda kuyatazama, na lini?
5. Nani katika nyumba zetu huamua matumizi ya fedha za maji, na nani huuguza wagonjwa? Je, watu hao hukaa pamoja kabla ya kuamua?